Tuwaage Wajumbe Wetu Kabla Hatujawasahau

Atokaye Kisiwani huvuka kwa feri akashukia Likoni, hupita daraja la Nyali akaelekea Kisauni, au hufuata njia ya Makupa hadi Changamwe. Pande zote tatu hizo za bara wamo watu ambao kwa miaka mingi tumekuwa tukiwaita "wajumbe", na ni wachache miongoni mwetu waliowahi kuuliza ni wajumbe wa nini. Yumo mama anayemaliza kukaanga mahamri yake mapema siku fulani ya mwezi kwa sababu ana kikao zahanati. Yumo mzee aliyestaafu kazi ya bandarini, ambaye haonekani njiani ila ana mkoba wa karatasi kwapani. Yumo ustadhi wa madrasa ambaye barua ya afisa wa watoto humtaja kuwa ni mwakilishi wa Waislamu. Watu hawa hukaa katika kamati na mabaraza ya kuishauri serikali hapa mitaani petu. Mshahara hawana. Wakipata posho ya kikao, aghalabu huishia kwenye nauli ya matatu.

Sasa wengi wao wanaondoka. Baadhi mihula yao imekwisha, wengine sheria iliyowaweka imefutwa na nyingine ikaja mahali pake, na wengine ni umri tu na magoti yasiyotaka tena ngazi za ofisi. Huondoka kimya. Siku moja barua ya kikao haiji, au huja kwa jina la mtu mwingine, basi. Mtu aliyehudumu miaka na miaka hujua kuwa kazi yake imekwisha pale anapowaona wajumbe wapya wakipita mbele ya nyumba yake kwenda mkutanoni.

Sisi wa jarida hili twaona kuwa jambo hilo halitufai, na kwa hivyo ukurasa wa wiki hii tumewatengea wao. Majina hatutayataja. Walio jirani nao wanawajua, na wengi katika hao ni watu wa haya, wangetuuliza ni nani aliyetutuma. Lakini kazi zao twataka kuzitaja, kwani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) ametufunza kuwa asiyewashukuru watu huwa hajamshukuru Mwenyezi Mungu, na haiwezekani kumshukuru mtu kwa jambo usilolijua.

Tuanze na zahanati, maana hapo ndipo kila nyumba yenye mtoto mchanga imepita.

Wasomaji wetu wenye umri wa makamo watakumbuka kuwa mwezi wa Julai 2004 serikali ilipunguza ada za matibabu katika vituo vidogo vya umma. Zahanati ilitakiwa kutoza shilingi 10 tu, na kituo cha afya shilingi 20, na watoto walio chini ya miaka 5 wasitozwe. Mama aliyekuwa akimficha mwanawe mwenye homa mpaka mwisho wa mwezi akaweza kumpeleka. Lakini nafuu hiyo ilikuwa na upande wa pili ambao haukuonekana foleni. Ada zile, ingawa zilikuwa mzigo kwa maskini, ndizo zilizokuwa zikimlipa anayefagia na mlinzi wa usiku, zikinunua sabuni na mafuta ya taa, zikitengeneza mfereji ulioharibika. Zilipopungua, zahanati nyingi zilibaki na muuguzi na kabati la dawa, na mengine yote yakawa ya kuombaomba.

Hapo ndipo kamati za zahanati zilipopata uzito wake, na Pwani yetu ilitangulia nchi nzima katika jambo hili. Mnamo mwaka 2005, kwa msaada wa serikali ya Denmark, ulianza hapa mpango wa majaribio wa kupeleka fedha moja kwa moja kwenye zahanati na vituo vya afya badala ya kuziacha zikwame katika ofisi za wilaya. Kila kituo kilifungua akaunti ya benki kwa jina lake. Wajumbe wa kamati, yaani watu wa mtaani, wakawa miongoni mwa watia saini. Mpango wa matumizi ulipaswa kuandikwa na kukubaliwa na kamati kabla ya senti moja kutoka. Mambo yalipoonekana kuwa yanakwenda, mfumo wa namna hiyo ukaenezwa nchi nzima kuanzia mwaka 2010 kupitia mfuko wa huduma za sekta ya afya, na vituo vikaagizwa kuandika kwenye ubao wa hadharani fedha zilizoingia na zilivyotumika.

Hebu tufikiri maana yake kwa mtu wa kawaida. Mama ambaye hesabu yake kubwa ilikuwa ya unga, sukari na mafuta ya biashara yake sasa anaitwa benki atie saini hundi ya serikali. Mzee aliyezoea kuamrishwa na msimamizi wake kazini sasa anamwuliza mkuu wa zahanati kwa nini mlinzi hajalipwa miezi miwili. Hawakusomea kazi hiyo. Wengine walipata mafunzo ya siku chache, wengine hawakupata kabisa, wakajifunza kwa kuuliza na kwa kukosolewa. Na mtaani hawakuwa na raha, kwani ikijulikana tu kuwa mtu ni mtia saini, basi nyumba yake ikipigwa bati jipya watu husema ni pesa za zahanati. Wapo walioharibu amana, hilo hatulifichi. Lakini wengi waliotia saini hundi hizo walirudi nyumbani kwa miguu, na bati lao jipya lilitoka kwa mtoto aliye Ghuba.

Fedha zenyewe zilitumika kwa mambo madogo madogo ambayo hayana sherehe ya ufunguzi. Walilipwa vibarua wa usafi. Pakanunuliwa tangi la maji, pakazibwa paa, pakawekwa pazia mahali pa kuzalia. Msomaji wa kike hahitaji kuelezwa thamani ya pazia hilo. Kuna mambo ambayo muuguzi aliyehamishiwa hapa juzi kutoka mbali hawezi kuyajua, na mkubwa aliye ofisini hatayauliza: kwamba mama mjamzito atakataa kuja kliniki ikiwa benchi la kungojea limeelekea barabarani, kwamba kikao cha Ijumaa saa sita ni kikao cha kutowataka watu, kwamba wakati wa Ramadhani mama hawezi kukaa foleni hadi alasiri na chano cha futari kinamngoja. Ushauri wa kamati aghalabu ulikuwa ni huu. Hauandikwi katika ripoti za wafadhili, lakini uliwafikisha watu penye huduma.

Mwaka 2013 mambo yaligeuka tena. Afya ilikabidhiwa serikali za kaunti, na mwezi wa Juni mwaka huohuo ada katika zahanati na vituo vya afya vya umma zikaondolewa kabisa, na uzazi nao ukafanywa bure. Yote mawili yalikuwa na heri ndani yake. Lakini sheria za fedha za ugatuzi zilitaka mapato yapitie mfuko mkuu wa kaunti, na kamati nyingi zikajikuta zina jina bila mfuko. Hakukuwa na hundi ya kutia saini wala mpango wa matumizi wa kupitisha. Kwa maoni yetu, kipindi hiki ndicho kinachopambanua mjumbe na mjumbe. Zipo kamati zilizolala usingizi, na hatuwezi kuzilaumu sana. Na wapo watu ambao, bila fedha, bila posho, bila hata chai, waliendelea kwenda kila mwezi kuuliza dawa za sukari na presha zimefika au hazijafika, na kupeleka malalamiko ya akina mama kwa mkuu wa kituo kwa lugha ya adabu, wakamfikishia na akina mama maelezo ya mkuu wa kituo kwa lugha ya adabu vilevile. Wakati wa migomo ya madaktari na wauguzi ya mwaka 2017 hao ndio waliosimama langoni kuwaelekeza wagonjwa pa kwenda. Ikiwa kuna watu wanaostahiki kuketishwa mbele, ni hawa.

Mnamo tarehe 19 Oktoba 2023 zilitiwa saini sheria nne mpya za afya. Mojawapo inavirudishia vituo vya umma haki ya kubaki na fedha vinazokusanya na kuzitumia hapohapo, chini ya usimamizi wa kamati na bodi zilizoundwa upya. Kwa hivyo fedha zinarudi, na wakati uleule wengi wa watu waliojua namna ya kuzilinda wanaondoka. Mwaka huohuo wahudumu wa afya wa kujitolea waliokuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba walipewa jina jipya, wakapewa mikoba ya vifaa na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi inayogawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Walistahiki, na mbele ya kazi yao fedha hizo ni chache. Lakini kwa mjumbe wa kamati aliyeondoka hakukuwa na mkoba wala hotuba.

Kazi ya pili twataka kuieleza kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa inagusa siri za nyumba zetu.

Sheria ya Watoto ya 2001 ilileta mabaraza ya ushauri ya maeneo, ambamo maofisa wa serikali walikaa pamoja na wawakilishi wa dini, wa mashirika na wa wananchi, afisa wa watoto akiwa katibu. Sheria mpya ya mwaka 2022 imeyapokea mabaraza hayo kwa sura nyingine, yaani kamati za ushauri za watoto za kaunti na za kaunti ndogo. Huku bara, mjumbe wa baraza kama hilo hakuwa mtu wa kukaa mezani tu. Alikwenda kukagua nyumba za kulelea mayatima, akafungua sufuria, akatazama vitanda, akahesabu watoto na kulinganisha na idadi iliyoandikwa. Alikwenda usiku kwa mama aliyepigiwa simu kuwa mtoto ameokotwa karibu na jaa. Alikaa na baba aliyetaka kumwoza binti yake aliye darasani, akamwambia kwa upole kwanza, kisha kwa kumtajia sheria, kisha akaondoka na uadui wa ukoo mzima.

Na kwetu Waislamu liko jambo mahususi. Uislamu unahimiza mno malezi ya yatima, lakini hauruhusu kumbadilishia mtoto nasaba yake, na kwa miaka mingi sheria ya nchi haikuwa na mlango unaofanana na huo. Familia zilikuwa zikichukua watoto wa ndugu na wa majirani kwa imani tu, na siku ya kutafuta cheti cha kuzaliwa au pasi ya kusafiria matatizo yakaanza. Sheria ya 2022 imeitaja kafala kwa jina, ikiwa ni njia ya malezi kwa watoto wa Kiislamu. Mkakati wa taifa wa mwaka 2022 hadi 2032 nao unataka watoto watolewe polepole katika nyumba za malezi warudi kwenye familia. Mambo haya mawili yakikutana katika mtaa wa Likoni au Kisauni, ni nani atakayejua ni familia ipi inayofaa kumpokea mtoto na ipi inatafuta mtumishi wa bure? Ofisa aliyehamishwa mwaka jana hawezi. Anayejua ni yule mama aliyekaa kwenye baraza miaka 10, ambaye kwa kumtazama shangazi mtu anavyomwita mtoto hutambua mengi.

Jambo tunaloliheshimu zaidi kwa wajumbe wa watoto ni kunyamaza kwao. Wamesikia yaliyotendeka katika nyumba ambazo twazisalimia kila asubuhi, wamefuatana na watoto hadi mahakama ya watoto ya Tononoka, wakarudi wakaenda arusini kwa watu haohao wakala pilau na wasiseme neno. Kwa hivyo wakati wa kuwaaga tuwe na busara. Hatuwezi kusimama hadharani tukasimulia mtoto fulani aliokolewa vipi, kwani mtoto huyo leo ni msichana wa kidato cha pili na yumo ukumbini. Shukrani yao iwe kwa ujumla, na aliyesaidiwa, akitaka, ataenda mwenyewe kwa mguu wake kubisha hodi.

Kamati nyingine tutazipitia kwa haraka. Zipo bodi za shule chini ya sheria ya elimu ya 2013, ambazo wazazi wengi hukumbuka kuwako kwake pale karo ya chakula inapopanda. Zipo kamati za wavuvi kwenye fuo, zile zijulikanazo kwa herufi za BMU, zilizotambuliwa kwa kanuni za mwaka 2007, na huko Mtongwe na Timbwani mtu haanzi safari ya kuzungumza juu ya samaki bila kupita kwao. Zipo kamati za watumiaji wa mahakama, zilizotokana na sheria ya huduma za mahakama ya 2011, ambamo wananchi hukaa na mahakimu, makadhi, polisi na magereza kuzungumza kwa nini kesi zinachelewa. Na wapo wazee wa mtaa, ambao hawana sheria wala posho ya kuaminika, na ndio wa kwanza kuamshwa usiku.

Turudi kwa akina mama, kwa kuwa jarida hili ni lao kwanza.

Katiba ya mwaka 2010 inataka isizidi theluthi mbili ya jinsia moja katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa, na kwa sababu hiyo kamati nyingi hizi ziliwatafuta wanawake hata pale wanaume walipokuwa hawana haja nao. Wako waliodhani kuwa mwanamke wa Kiislamu ataitwa ili idadi itimie, akae kona, atie saini mahudhurio. Walioyasoma mambo ya dini yao vizuri hawangedhani hivyo. Katika mwaka wa 6 wa Hijra, baada ya mkataba wa Hudaybiya, Mtume (S.A.W.) aliwaamuru masahaba wachinje wanyama wao na wanyoe, na kwa huzuni waliyokuwa nayo hakuinuka hata mmoja. Alipoingia kwa mkewe Ummu Salama, yeye ndiye aliyemshauri atoke asiseme na mtu, achinje mnyama wake na amwite kinyozi wake. Alifanya hivyo, na watu wote wakainuka. Ushauri wa mwanamke mmoja, katika saa ngumu kama ile, ulichukuliwa na mbora wa viumbe. Na hapa Mombasa kwetu, mwishoni mwa miaka ya 1950, walikuwako wanawake wa Kiislamu waliopeleka ombi kwa serikali ya kikoloni kudai nao wapige kura kama waume zao. Bibi zetu hao hawakuwa na tume wala theluthi.

Lakini mwanamke hakai kwenye kamati peke yake. Kikao cha saa nne kilichoanza saa sita kina mtu mwingine aliyekilipia: binti aliyewapa wadogo zake chakula, mama mkwe aliyemshika mtoto mchanga, mume aliyekuta mkaa haujawashwa akauwasha mwenyewe. Tumesikia malalamiko ya wake, na ya waume pia, kuwa kamati hizo zinavunja ratiba za nyumba. Ni kweli zinavunja. Kwa hivyo siku ya kumwaga mjumbe, watu wa nyumba yake waketi naye mbele, na watajwe. Twajua mama mmoja mmoja ambaye angeridhika zaidi kumsikia mumewe akishukuriwa kwa kumpa ruhusa kuliko kuvishwa yeye shada la maua.

Sasa tuseme namna ya kuaga, kwani hapa twaona makosa mengi yakifanyika kwa nia njema. Desturi iliyoenea ni cheti. Hatuna ugomvi na cheti, isipokuwa kile kilichokosewa jina, ambacho ni afadhali kisingetolewa. Tatizo la cheti ni kuwa huandikwa maneno yaleyale kwa kila mtu: kwa mchango wako mkubwa. Mchango gani? Aliyeandika hajui, na anayepokea anaona kuwa hajui. Karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono na wajumbe wenziwe, ikasema kuwa Bi huyu ndiye aliyefuatilia mfereji wa maji kwa miezi minane hadi ukaunganishwa, ina thamani kuliko fremu ya dhahabu.

Tena kuna suala la mahali. Kiongozi mwema hutangaza shukrani msikitini baada ya swala ya Ijumaa, na jambo hilo ni zuri, lakini katika misikiti yetu mingi mama mwenyewe hayupo kusikia, na wenzake hawapo. Atahadithiwa jioni na mwanawe wa miaka 9 aliyesahau nusu. Hafla ndogo kati ya alasiri na magharibi katika uwanja wa madrasa au wa zahanati yenyewe, akina mama upande wao na wanaume upande wao, mkuu wa kituo akaalikwa kuwa mgeni na asiwe mwenyeji, inatosha. Kahawa, tende, kaimati. Zawadi ikiwa ni doti ya leso kwa mama na kikoi kwa mzee, hakuna atakayenung'unika. Ila zitoke kwenye mchango wa watu. Fedha za zahanati zina kazi yake, na mjumbe aliyezilinda miaka yote asiagwe kwa kuzivunja siku ya mwisho.

Na kabla ya kahawa kumiminwa, iko kazi ya kufanywa ambayo kwa maoni yetu ndiyo shukrani kubwa kuliko zote: mjumbe aketishwe aulizwe. Funguo za stoo ziko kwa nani? Fundi aliyeweka tangi ni yupi, na alilipwa yote au bado anadai? Ombi la umeme liliandikwa mwaka gani, na nakala yake iko wapi? Ni nyumba zipi ambazo mama hukataa kuzalia kituoni, na sababu yao ni ipi hasa? Ni ofisi gani ya kaunti inayojibu barua, na ipi inataka kwenda mwenyewe? Binti aliyemaliza chuo ambaye hana kazi kwa sasa aketi na daftari, ayaandike yote. Tumeona mara nyingi kamati mpya ikianza upya jambo ambalo ya kwanza ililifikisha nusu, kwa sababu tu waliotoka hawakuulizwa na walioingia waliona haya kuuliza. Mara nyingine si haya, ni kiburi, hasa pale viti vinapojazwa baada ya uchaguzi kwa watu walioibeba kampeni ya mtu. Mwenye kukipata kiti kwa njia hiyo huona kuwa aliyetangulia ni wa upande ule. Zahanati haina upande ule.

Wasichana wetu nao tungependa wavikaribie viti hivi kabla havijawa wazi. Nafasi hutangazwa kwenye mbao za matangazo za chifu, za msimamizi wa wadi na za vituo vyenyewe, mara nyingi kwa karatasi ndogo iliyobandikwa juu ya matangazo mengine matatu. Mjumbe anayemaliza muhula wake anaweza kuomba aje na kijana mmoja kwenye vikao vyake viwili vya mwisho akae nyuma asikilize. Mwenyekiti mwenye busara hatakataa. Kijana huyo atajifunza mambo ambayo hayamo katika mafunzo ya siku tatu hotelini: namna ya kumwambia mganga kuwa amechelewa bila kumvunjia heshima, namna ya kusoma taarifa ya fedha ukianzia chini, na wakati wa kukataa kutia saini. Hilo la mwisho lina gharama. Wapo wajumbe waliopoteza viti vyao kwa kukataa kutia saini, na kama yuko mtaani kwenu, mwalikeni wa kwanza.

Limebaki moja, nalo ni la wale ambao hawatakuja kwenye hafla yoyote. Baadhi ya wajumbe wa kamati za mwanzo, wale wa tangu mwaka 2005, wametangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Karatasi zao bado zimo chini ya vitanda vya wajane wao au juu ya makabati ya watoto wao, katika mifuko iliyofungwa fundo: kumbukumbu za mikutano, nakala za hundi, barua za kuomba mfereji, orodha za mayatima walioandikiwa msaada. Eda ikiisha na nyumba ikisafishwa, mifuko hiyo huwa ya kwanza kutolewa nje. Mwenye jirani wa namna hiyo huko Mtongwe, Bofu, Junda, Magogoni, Chaani au Port Reitz apite wiki hii, asalimie, aombe ruhusa ya kuzitazama. Orodha za watoto akabidhiwe afisa wa watoto bila kusomwa na mtu mwingine, na zilizobaki apewe katibu wa kamati ya sasa, kabla hazijafika kwa muuza njugu.